Queen ya 1973, nimeisikiliza kwa sikio moja

Hii nilikuwa nishaiandika juzi nikiiponda albamu vibaya mno, nikaifuta. Someni mtajua kwa nini.

Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, mimi nawajua kama wengi wenu, zile za uwanjani za kupiga makofi, na ile ndefu ya 1975, Bohemian Rhapsody, ambayo kila mtu anajifanya anaijua mpaka ifike pale kwenye opera ndo unaona midomo inacheza tu. Na mwimbaji wao Freddie Mercury nani asiyemjua, Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi kazaliwa Unguja 1946, ukipita Shangani huwakosi watalii wanapiga picha mlangoni. Ila ile albamu yao ya kwanza kabisa, ya 1973, inaitwa Queen tu, sijawahi kuigusa. Nikasema wiki hii naisikiliza mwanzo mwisho, taa nimezima, hamna kuruka wimbo. Nikaenda Kariakoo kununua hedifoni kwa kazi hiyo moja.

Jamaa kaniapia, orijino dada angu, hii hata uoge nayo. Kaanza na 25,000 tukamalizana 18,000.

Usiku nikaweka. Aisee. Keep Yourself Alive imeanza nikajiuliza mbona gitaa liko mbali hivi, kama anapiga jirani. Sauti inakuja, inapotea. Kwenye Great King Rat kuna mahali kama watu wameondoka studio wakamwacha mmoja amalizie, nami nikawatetea, jamani, nikasema ndo ubunifu wa miaka ya 70 huo! Nikakumbuka walirekodi Trident, London, kwenye saa ambazo studio haina mteja wa kulipa, aghalabu usiku wa manane, nikasema basi ndo maana, njaa hizo. Ilipofika Modern Times Rock 'n' Roll nikachoka kabisa, huyu Freddie koo limepatwa na nini, kumbe pale anaimba Roger Taylor, mpiga dramu, ila hilo nimelijua nikiwa nishamtukana asiyehusika. Nikaandika: mtoto wa Unguja katuangusha.

Asubuhi kwenye daladala nimezivaa kinyume kwa haraka, ya kulia kushoto. Muziki ukahama sikio! Kumbe moja imekufa, hata kukoroma haikoromi. Yaani usiku kucha nimesikiliza nusu ya albamu halafu nikaitolea hukumu nzima. Na bendi yenyewe ndo hii ambayo mpiga gitaa Brian May anarundika magitaa, hili huku lile kule, mpaka kwenye jalada wakaandika kabisa kwamba hakuna aliyepiga sintesaiza, kile kinanda cha umeme cha kuunda sauti, maana walijua watu watabisha. Mi nimeuziwa kitu kinachoninyima upande mzima wa Brian May.

Nikarudi. Yuleyule, anatafuna mihogo. Namwonyesha, ananiambia "si inalia?" Inalia upande mmoja kaka. "Sasa dada unataka zote za nini, ukivuka barabara bodaboda utaisikiaje?" Wenzake wa meza za jirani wakaangua kicheko, mmoja mpaka kapiga kofi meza. Risiti hakunipa, waranti ilikuwa mdomoni mwake na mihogo imeshapita juu. 18,000 ningeisahau, kile kicheko bado nakisikia, tena masikio yote mawili.

Basi mdogo wangu ana zile kubwa za kufunika masikio, nikamnyang'anya. Nikaanza upya na hasira zangu. Weee! My Fairy King ile piano inavyokimbia na sauti zinavyopandiana, tena Brian May keshasimulia kuwa jina la Mercury limetoka kwenye mashairi ya wimbo huu. Liar dakika sita na ushee nikairudia mara tatu. Halafu Jesus, mtoto wa Kizoroasta, dini ya Waparsi, kakaa kamtungia wimbo Yesu, na kautendea haki.

Ila dramu, hapana. Hata kwa masikio mawili dramu zimekauka kama zinapigwa ndani ya kabati, na bendi wenyewe wamelalamika miaka hadi 2024 ndo ikatoka iliyochanganywa upya, Queen I. Kwa hiyo nusu ya lawama nilizompa jamaa inabidi nizirudishe studio. Robo. Hapana bhana, abaki nazo zote, studio angalau hawakunicheka.

Nyota nne. Hedifoni sifuri, na hiyo sifuri nimeshusha bei.

Kitu kimoja tu. Wimbo wa mwisho, Seven Seas of Rhye, umeanza vizuri, piano inachezacheza, nangoja mtu aimbe, mara sauti ikaanza kufifia, kimya. Nikazivua nikazigonga kwenye goti, nikachomoa waya nikachomeka, nikamwita mdogo wangu nimsomee, nikamtukana na yule wa mihogo upya. Kumbe ndo ulivyo, dakika moja na kitu, hauna hata neno moja, wenyewe wameumalizia kwenye albamu ya pili mwaka uliofuata.

Mdogo wangu kachukua hedifoni zake, haongei na mimi.