Direla ya nyuma ya baiskeli ya resi: ipi inafaa Unguja, ipi Pemba

Direla ni kile kidude chenye vijigurudumu viwili kinachoning'inia chini ya gia za nyuma na kuihamisha cheni. Ikivunjika, mtu huingia dukani Darajani na swali moja tu: "Ya Shimano ipo?" Ipo, tena za kila namna, na nyingi kati ya hizo hazitofanya kazi kwenye baiskeli yake. Jina la kampuni ni la mwisho kuulizwa. La kwanza ni meno.

Andika namba nne kabla ya kutoka nyumbani: meno ya gia kubwa ya mbele, ndogo ya mbele, kubwa ya nyuma na ndogo ya nyuma. Mara nyingi zimechongwa ubavuni mwa gia yenyewe. Kutu ikiwa imezila, tia chaki jino moja uhesabu mpaka ulirudie. Sasa toa ndogo kwenye kubwa, mbele na nyuma, halafu jumlisha. Baiskeli ya mbele 50 na 34, nyuma 11 mpaka 28: 16 na 17, jumla 33. Ukibadilisha kaseti, yaani fungu zima la gia za nyuma, iwe 11 mpaka 32, jumla inapanda hadi 37. Hiyo ndiyo cheni iliyolegea ambayo direla inatakiwa kuimeza, na kinachoimeza ni urefu wa mguu wake. Mguu mfupi, ambao Shimano huuandika SS, ukipewa kazi ya mguu mrefu (GS), cheni itaning'inia kama kamba ya kuanikia ukiwa kwenye gia ndogo mbele na nyuma. Ukiifupisha cheni ili isining'inie, siku utakayoweka kubwa kwa kubwa itakaza, na kitakachokatika ni direla au sikio la fremu inaposhikilia.

Jumla peke yake haitoshi. Kila direla ina kikomo cha gia kubwa ya nyuma inayoweza kuipanda. Mfano ni ile ya Shimano iitwayo 105, toleo la R7000: yenye mguu mfupi hufika meno 30 na jumla 35, yenye mguu mrefu hufika 34 na jumla 39. Ni jina moja, sanduku moja, lakini kazi mbili tofauti.

Meno mangapi basi? Unguja ni tambarare, na mlima wake ni upepo. Anayekwenda Paje wakati wa kusi anaujua. Mbele 50 na 34, nyuma 11 mpaka 28, inatosha kwa mtu asiyebeba mzigo. Pemba ni hadithi nyingine: Mkoani kwenda Chake, na Chake kwenda Wete, ni vilima vifupi vinavyofuatana bila kukupa pumzi. Baiskeli nyingi za resi za mtumba zina gia za zamani, mbele 52 na 39, nyuma 12 mpaka 25. Gia nyepesi kuliko zote hapo ni 39 kwa 25, na kila ukizungusha pedeli mara moja unasogea kama mita 3.3. Ili miguu izunguke mara 60 kwa dakika lazima uende karibu kilomita 12 kwa saa, mlimani, juani. Ukiwa na 34 kwa 32 unasogea mita 2.2 tu, na mzunguko huohuo wa miguu unataka kilomita 8 kwa saa. Hapo magoti yanasalimika. Kwa Pemba, basi, usinunue direla isiyofika 32, na ikifika 34 ndiyo bora.

Jambo la pili ni shifta, kile kidude cha kubadilishia gia kwenye usukani, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Shifta huvuta waya kwa kipimo maalumu kila unapobonyeza, na direla huugeuza mvuto huo kuwa mwendo wa pembeni. Direla nyingi za Shimano za gia 7, 8 na 9 (ndiyo idadi ya gia za nyuma), za resi kwa za milimani, hugeuza kwa uwiano mmoja, kama 1.7. Hata za resi za gia 10 za zamani zimo humo. Kwa hiyo direla ya milimani ya gia 9 hukubaliana na shifta ya resi ya gia 8 bila ugomvi, kwani anayehesabu gia ni shifta, si direla. Zilizojitenga ni Tiagra 4700, ambayo ni ya gia 10 lakini uwiano wake ni kama 1.4 sawa na resi za gia 11, na za milimani za gia 10, ambazo ni kama 1.2. Ukichanganya koo hizi, gia mbili za mwanzo zitaingia vizuri, za katikati zitakwaruza na kuruka, na fundi atahangaika na skrubu mchana kutwa bila kosa lake. SRAM, kampuni nyingine, nayo ina vipimo vyake. Shifta ya SRAM itafutie direla ya SRAM.

Sasa mpangilio wetu wa direla za Shimano, kuanzia tunayoipendekeza zaidi.

Ya kwanza ni Claris RD-R2000 yenye mguu mrefu. Ni ya gia 8, hufika meno 34, na cheni na kaseti za gia 8 ni rahisi kupata kuliko za 10 au 11. Cheni ya gia 8 pia ni nene, upana wake kama milimita 7.1, na huvumilia mchanga kuliko ile ya gia 11 yenye 5.5. Mwenye gia 8 asitafute zaidi.

Ya pili ni Altus RD-M310, ya milimani kwa asili yake. Hufika 34 na humeza jumla ya 43. Si nzuri kwa sura kwenye fremu nyembamba ya resi, na anayejali picha ataichukia. Lakini kwa baiskeli ya mtumba ya gia 7 au 8 inayopanda vilima vya Pemba na gunia nyuma, haina mpinzani kwa bei yake.

Ya tatu ni Sora RD-R3000 ya mguu mrefu, kwa mwenye shifta za gia 9. Ni kazi safi kuliko Claris kidogo, ila haistahili kubadilisha mfumo mzima kwa ajili yake.

Ya nne ni Tiagra 4700 na 105. Nunua ikiwa tu shifta zako ni za ukoo huohuo. Ni nyepesi, zinaingia gia kwa ulaini, lakini siku kaseti ikiisha utasubiri mzigo kutoka Dar.

Tourney tumeiweka chini kabisa. Mwili wake una chuma kingi na hewa ya chumvi inaupenda. Ina nafasi moja ya haki: fremu isiyokuwa na sikio, kwani ipo yenye bamba lake linalobanwa na ekseli. Ukiwa na friwili ya gia 6 au 7 na fremu ya namna hiyo, chukua hiyo wala usione haya.

Isiyo na namba yoyote nyuma ya mwili iache dukani. Kwa Shimano, namba huanza na RD. Ndiyo itakayokwambia meno na ukoo.

Ukiletewa iliyotumika, shika ncha ya chini ya mguu uitikise kushoto na kulia. Ikicheza zaidi ya milimita chache, pini zimeliwa na hakuna skrubu itakayoitibu. Vuta mguu mbele uachie: lazima urudi kwa nguvu. Vijigurudumu vyenye meno yaliyochongoka kama ya papa vinabadilishwa, hivyo visikutishe.

Kabla ya kufunga, mpya au kuukuu, mwambie fundi aangalie sikio. Baiskeli iliyoangukia upande wa kulia, au iliyolazwa chini ya mizigo kwenye boti, mara nyingi sikio lake limepinda. Simama nyuma: mguu wa direla uwe sambamba na gia. La chuma hunyooshwa. La alumini la kufungua na skrubu heri libadilishwe, na kwa kuwa maumbo yake ni mengi, nenda na la zamani mkononi.

Skrubu ya sikio ni ya ufunguo wa pembe sita wa milimita 5, na hukazwa kwa Nm 8 hadi 10. Ianze kwa vidole, maana uzi wa alumini ukikatwa ndiyo basi. Cheni ipime ikizunguka kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kupita kwenye direla, kisha ongeza jozi moja ya pingili. Kaza skrubu L mpaka cheni isiweze kuvuka gia kubwa kuingia kwenye spoku, na H isidondoke upande wa fremu. Skrubu ya tatu, ya B, huacha nafasi ya milimita 5 au 6 kati ya kijigurudumu cha juu na gia kubwa. Waya uwe wa chuma kisichoshika kutu, unene milimita 1.2, na kipande cha mwisho cha ganda lake kinachoingia kwenye direla kibadilishwe pamoja nao, kwa sababu maji ya masika hukaa hapo.

Ukipita ufukweni Jambiani, jioni hiyohiyo mwagia maji baridi, yasiyo ya chumvi, yakauke, halafu tone moja la mafuta ya mashine kwenye kila pini. Mafuta ya kupikia yaache jikoni. Hunata na kukusanya mchanga.