Masomo ya Nyumbani Yanayofuata Misimu: Tathmini ya Kifurushi cha Marekani Kilichotumika Kigamboni

Kifurushi ninachokitathmini hapa ni mkusanyo wa vijitabu kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi, vilivyoandaliwa Marekani kwa ajili ya wazazi wanaowafundisha nyumbani watoto wa miaka minne hadi tisa. Hununuliwa mtandaoni kama faili, na mnunuzi hujichapishia mwenyewe. Kila kijitabu kina sehemu mbili. Ya kwanza imejengwa juu ya msimu wa mwaka, na ya pili inachukua kazi za kila siku za nyumbani, yaani kupika, kufua, kufagia, kupanga vyombo na kwenda sokoni, ikizigeuza kuwa masomo ya kusoma, hesabu na sayansi. Vifurushi vya namna hii viko vingi na vinafanana sana, kwa hiyo mengi nitakayoyasema yatamfaa pia mzazi anayefikiria kununua kingine.

Nimekitumia kwa binti yangu wa miaka mitano, ambaye bado hajaanza Darasa la Kwanza, na kwa kaka yake wa miaka minane wakati wa likizo na jioni baada ya shule. Baada ya kuzunguka nacho mwaka mzima, hukumu yangu ni kwamba sehemu ya kazi za nyumbani ni miongoni mwa vifaa bora vya kufundishia vilivyowahi kuingia kwetu, ilhali sehemu ya misimu, kama ilivyoandikwa, haimfai mtoto wa Dar es Salaam mpaka mzazi aiandike upya.

Nianze na kilicho bora. Kila zoezi la nyumbani limepangwa kwa hatua tatu zisizobadilika: mtoto akisie, atende, kisha aandike alichokiona. Utaratibu huu ni rahisi kiasi kwamba mtu yeyote mzima aliyeko nyumbani anaweza kuusimamia, na unamfundisha mtoto kwamba jibu hupatikana kwa kupima, si kwa kumtazama mwalimu usoni. Zoezi la asili lilikuwa la kuoka biskuti katika oveni. Sisi tuliliweka kando tukachukua nazi. Binti yangu alikisia nazi moja itatoa vikombe vingapi vya tui, akasimamiwa na bibi yake kukuna kwenye mbuzi, wakakamua pamoja, akapima tui la kwanza na la pili kwa kikombe kile kile, kisha akachora vikombe hivyo katika daftari. Tui la kwanza tulilibakiza kidogo kwenye glasi, na baada ya muda mafuta yakapanda juu na maji yakabaki chini, wazi kabisa kwa macho. Kaka yake aliuliza kwa nini, na jibu kwamba mafuta ni mepesi kuliko maji ya ujazo ule ule lilimwingia palepale kwa kuwa alikuwa ameshika glasi mkononi.

Zoezi la maji lilikuwa na faida kubwa zaidi kwa mkubwa. Kijitabu kilitaka mtoto ajaze ndoo kwa chombo kidogo na kuhesabu. Ndoo yetu ni ya lita ishirini, na chombo kilichokuwa karibu ni chupa ya maji ya lita moja na nusu. Chupa kumi na tatu zilitoa lita kumi na tisa na nusu, na ndoo ikabaki haijajaa. Hapo ndipo mtoto alipoielewa theluthi kwa mara ya kwanza, kwa sababu nusu lita iliyopungua ilikuwa theluthi moja ya chupa yake, naye aliweza kuimimina na kuiona. Sijapata kuona ukurasa wa mazoezi uliofanya kazi hiyo kwa haraka namna ile. Tuliongeza pia usomaji wa mita ya umeme ya LUKU, jambo ambalo watunzi wa kifurushi hawakuliwaza: kila jioni mtoto anasoma uniti zilizobaki, anatoa kutoka zile za jana, na kuandika tulichotumia. Siku ya kupiga pasi hujitokeza yenyewe katika daftari, na mzazi anaweza kueleza kwamba pasi ya wati elfu moja ikifanya kazi mfululizo kwa saa nzima hula uniti moja.

Kwa upande wa kusoma, kifurushi kinamtaka mtoto atafute maneno kwenye makopo na maboksi ya jikoni. Wazo ni zuri, ila maboksi mengi yameandikwa Kiingereza, na mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili hupata humo maneno machache. Kanga zimelijaza pengo hilo. Jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa, sentensi yake ni fupi na ina maana kamili, tena kila nyumba ina kanga za kutosha kufundishia muhula mzima. Binti yangu hufanya kazi ya kuanua nguo jioni, na kila kanga anayoikunja huisoma kwanza kwa sauti. Bibi yake humweleza maana, na mara nyingi maelezo yake huwa marefu kuliko somo nililokuwa nimeliandaa.

Hapa niguse jambo ambalo mnunuzi wa Dar es Salaam anapaswa kulifikiria mapema. Vijitabu hivi vinadhani kwamba nyumbani yupo mzazi mmoja na mtoto wake, na kwamba mzazi huyo ndiye afanyaye kazi zote. Nyumba zetu haziko hivyo. Kuna bibi, kuna dada anayesaidia kazi, kuna shangazi aliyekuja kwa matibabu, na kuna wapangaji wanaotumia uwanja mmoja wa nyuma. Hii ni nguvu kubwa kwa elimu ya namna hii, kwa sababu walimu ni wengi na kila mmoja ana ujuzi wake, lakini maelekezo yote yameandikwa kwa Kiingereza, hivyo kifurushi kinawaacha nje watu walewale wanaokaa na mtoto mchana kutwa. Nililazimika kutafsiri kadi za mazoezi na kuzibandika jikoni. Ni lazima pia kukubaliana na dada kwa heshima, kwani kupepeta mchele na mtoto huchukua muda mrefu zaidi, na si haki kumwongezea mtu kazi huku akitarajiwa kumaliza saa ileile.

Vipimo ni tatizo dogo linalojirudia kila ukurasa. Urefu uko kwa inchi, uzito kwa ratili, na joto kwa nyuzi za Fahrenheit, ambako maji huchemka kwenye 212 badala ya 100. Somo la fedha linaishia kwenye senti mia zinazotimiza dola moja, wakati mtoto wetu anayetumwa dukani na noti ya shilingi elfu moja anahitaji kuzijua mia mapema sana. Tulitumia sarafu za 50, 100, 200 na 500 tukaunda upya somo zima. Na somo la saa linahitaji uangalifu wa pekee: kijitabu kinamfundisha mtoto kwamba mshale mfupi ukiwa kwenye 7 ni saa saba, lakini kila mtu anayemzunguka anasema ni saa moja asubuhi. Mimi nilianza na saa yetu, inayohesabu tangu kuchomoza kwa jua, kwa sababu mtoto anaweza kuihakiki kwa kutazama nje.

Sasa nije kwenye misimu, ambako ndiko kwenye udhaifu mkubwa. Kijitabu cha Oktoba kinamtuma mtoto nje akaokote majani yaliyogeuka mekundu, na kumweleza kwamba giza linaanza kuingia mapema. Kijitabu cha Januari kimejaa theluji. Sina ugomvi na mtoto kujifunza kwamba kwingineko duniani mambo yako hivyo, kwani sababu yake, mhimili wa dunia ulioinama kwa nyuzi 23.5 hivi, ni somo zuri la sayansi. Shida ni kwamba kifurushi kimeahidi kufundisha kwa kugusa na kutazama, kisha kinampa mtoto wa hapa kitu asichoweza kukigusa wala kukitazama. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja. Mtoto akiambiwa atazame jinsi usiku unavyorefuka, ataona hakuna kilichobadilika, na baada ya muda ataacha kutazama.

Nafasi hiyo tuliijaza kwa misimu yetu wenyewe. Tuna vuli kati ya Oktoba na Desemba, kiangazi cha joto kali kinachofuata, masika kuanzia Machi hadi Mei, na kipupwe katikati ya mwaka. Mvua zetu hufuata ukanda wa mawingu ya mvua unaosafiri na jua kwenda kusini na kurudi kaskazini, na pepo mbili, kaskazi na kusi, ndizo zilizoendesha majahazi baina ya mwambao huu, Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi. Kwa zoezi la kwanza tulisimika kijiti uani na kupima kivuli chake muda mfupi baada ya saa sita mchana. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua hupita utosini na kivuli karibu kitoweke kabisa, na baadaye huanza kuelekea upande mwingine. Hilo halionekani kamwe huko kijitabu kilikoandikwa, isipokuwa katika visiwa vya Hawaii.

Masika yalitupa somo la mvua. Tulikata chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, tukaweka rula pembeni na kuandika milimita za kila asubuhi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo mkubwa aliweza kupima bati la kibanda cha kuku na kukokotoa ndoo ambazo tungeweza kukinga. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli na wa masika kabla ya kila msimu kuanza, na kuulinganisha utabiri huo na daftari la mtoto ni kazi ya miezi mitatu isiyochosha. Katika vuli tulikagua kila chombo kinachotuamisha maji, tukaweka viluwiluwi katika gilasi iliyofunikwa kipande cha chandarua na kuwaona wakigeuka mbu katika muda unaokaribia wiki moja au zaidi kidogo, kisha vyombo vyote vikamwagwa. Jiji hili lilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza huzaliana katika makopo na ndoo za uani kama zetu, hivyo somo hilo ni afya ya nyumba nzima.

Badala ya maboga ya kijitabu tulifuata bei ya embe. Kila wiki mtoto aliuliza sokoni bei ya fungu, akaandika na kuchora nukta kwenye karatasi ya mirabamiraba, na mstari ukashuka jinsi msimu ulivyokolea kuelekea Desemba. Machungwa ya Muheza yalipata karatasi yake katikati ya mwaka. Kwa wanaokaa karibu na bahari kama sisi, bamvu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na maji mafu, siku ambazo hubadilika kidogo, ni hazina: mtoto anauchora mwezi kila usiku, anatazama maji yanavyopanda na kupwa, na anagundua mwenyewe kwamba bamvu huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katika vijitabu vyote kumi na viwili, bahari haikutajwa hata mara moja.

Kwa haki ya watunzi, niseme kwamba zoezi moja la Januari lilifaa kuliko nilivyotarajia. Ni lile la kipande cha barafu kilichoachwa wazi na kingine kilichofungwa kitambaani, mtoto akikisia kipi kitawahi kuyeyuka. Katika joto la hapa matokeo huonekana upesi, na safari ya Soko la Samaki la Feri, ambako barafu ndiyo inayolinda samaki, iliyapa maana.

Mzazi asikichukue kifurushi hiki kama mbadala wa shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aandikishwe shule ya msingi, na mtaala wa madarasa ya awali unatilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu, ambako vijitabu hivi havifuati mpangilio wowote wa kwetu. Vitabu vya kiada vinapatikana katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mimi huvitumia hivyo kujua mtoto anapaswa kufika wapi, na kifurushi kunipa kazi ya mikono.

Kuhusu uchapaji, kurasa za misimu ndizo zinazokula wino wa rangi, na steshenari nyingi hutoza rangi kwa bei ya juu sana kuliko nyeusi. Chapa sehemu ya kazi za nyumbani peke yake, kwa rangi nyeusi, upande mmoja wa karatasi, ili upande wa pili ubaki wazi kwa maandishi ya mtoto, kisha ifungwe kwa waya ili kurasa zigeuzwe bila kuchanika. Anayetaka kuanza namshauri asubiri likizo ya Juni. Uani huwa pakavu, hewa haichoshi, watoto wote wako nyumbani, na kijitabu cha mwezi huo ndicho chenye kurasa chache zaidi za kuandika upya.