Kutia rangi kitambaa nyumbani: chai au manjano?
Shuka jeupe la pamba lililochoka linaweza kupata sura mpya kwa majani ya chai au kwa manjano ya unga.

Manjano yanashinda kwa mng'ao. Chemsha vijiko vichache, tumbukiza nguo iliyoloweshwa kwanza, na baada ya nusu saa inatoka njano kali. Adui yake ni jua: ukiianika nje kila mara, rangi inapauka upesi. Tena ikikutana na sabuni ya mche, njano inageuka wekundu wa matofali. Hurudi ukisuuza kwa maji ya ndimu, lakini nani ana muda huo kila wiki?

Chai haina mbwembwe. Inatoa krimu mpaka hudhurungi, kadiri unavyozidisha majani na muda wa kuloweka. Tanini zake, yaani ile asili yake ya ukakasi, hushika pamba hata bila shabu (chumvi ya kushikiza rangi), na madoa mepesi ya zamani hayaonekani sana. Ukitaka kijivu, tia misumari yenye kutu kwenye sufuria usiyopikia. Nguo ya kuvaa naipa chai. Manjano nayaachia vitambaa vya mezani. Poliesta kwa chai ni kazi bure.