TAHADHARI TANGA: Tovuti ya laki na nusu, jina linabaki mikononi mwa fundi

Wafanyabiashara wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni mpaka Muheza, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna vishoka wanapita duka kwa duka: saluni, vipuri vya baiskeli, nyumba za wageni. Maneno yao ni yale yale: tovuti kamili shilingi 150,000, jina bure, hifadhi ya maisha, na "tunakuweka kwenye ramani ya Google". Kazi wanaifanya, na tovuti inafunguka kweli, ndiyo maana watu wanawaamini. Wizi uko kwenye jina.

Jina la tovuti, yaani domeni, halinunuliwi mara moja likawa lako milele. Linalipiwa kwa mwaka, na rejesta, yaani daftari kuu la majina, inaandika ni la nani. Kishoka analisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Ni sawa na dalali akutafutie fremu Barabara ya 12, kodi utoe wewe, mkataba aandike jina lake. Mwaka wa kwanza hugundui kitu. Unachapisha mifuko, unapaka kibao, unagawa kadi. Miezi 12 ikitimia simu inaita: toa laki 4 au tovuti inazimwa. Ukibisha anaizima, na rejesta inamtambua yeye. Ilhali kuhuisha jina la .com kwa wasajili wengi ni dola 10 mpaka 20 hivi kwa mwaka, na .co.tz nayo ni makumi ya elfu, si malaki. Anachokukamatia ni kile kibao ulichokwisha kupaka rangi.

Kukagua hakuhitaji fundi. Kwa jina linaloishia .tz, fungua huduma ya whois (ya kuangalia jina ni la nani) ya rejesta ya .tz, ambayo wengi mnaijua kama tzNIC, uandike jina lako bila www. Tazama mistari mitatu. Wa "registrant" ndio mwenye mali: pawe wewe, au biashara yako kama ilivyoandikwa kwenye cheti cha BRELA. Wa "registrar" ni kampuni iliyosajili, ndiko utakakopiga simu siku ya matatizo. Wa "expire" ni tarehe ya mwisho. Mtu anakwambia kakulipia miaka mitatu, tarehe inasoma mwezi wa nne mwakani: keshakudanganya.

Kwa .com mambo ni tofauti, na hapa wengi wanapigwa. Mara nyingi whois ya .com huficha majina ya wenyewe, kwa hiyo ukiona pamefichwa usistuke, lakini usitulie pia. Ushahidi ni mmoja tu: uingie mwenyewe kwenye akaunti ya msajili (ile "registrar"), kwa barua pepe yako na nywila yako, ulikute jina lile kwenye orodha. Picha ya skrini kutoka kwenye simu yake haithibitishi kitu.

"Jina bure" nalo mara nyingi si jina. Akikuonyesha tovuti, mwambie aguse pale juu panapoandikwa anwani, uisome yote mpaka mwisho. Ikiishia blogspot.com au wordpress.com, hiyo ni anwani ya bure ambayo kijana yeyote anaifungua kwa dakika chache. Kuitumia si vibaya, anayeanza kuuza viungo vya Amani au machungwa ya Muheza inaweza kumtosha kabisa. Kosa ni kulipishwa kama jina kamili.

Hifadhi ya maisha haipo. Seva, kompyuta inayobeba tovuti yako, inalipiwa kodi kila mwezi au kila mwaka. Wanachofanya ni kurundika wateja wengi kwenye akaunti moja ya bei ndogo. Siku mwenye akaunti akiacha kulipa, wote mnazimika pamoja. Wengine wanatengeneza kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, wakitumia mandhari (mapambo ya kurasa) zilizovunjwa leseni, ambazo huja na mlango wa siri wa wadukuzi. Miezi michache baadaye mteja anabonyeza tovuti ya nyumba yako ya wageni, anajikuta kwenye kamari.

Kuwekwa kwenye ramani ya Google ni bure. Google huthibitisha kwa simu, barua pepe, au video unayorekodi ukionyesha mtaa, kibao cha mlangoni na ndani ya duka. Fungua kwa akaunti yako, wewe uwe mmiliki mkuu, fundi umpe nafasi ya meneja. Na mtu yeyote akikuomba zile tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yako "ili akuunganishie WhatsApp Business", usimpe. Ndiyo funguo ya namba yako yote. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo hii.

Kwa mpangilio wa malipo: kwanza fungua barua pepe ya biashara kwa laini yako. Jina lisajili mwenyewe, au fundi akae pembeni yako ukisajili. Awamu ya kwanza ya fundi itoke baada ya whois au akaunti ya msajili kuonyesha wewe ndiye mmiliki. Ya mwisho itoke ukishaingia WordPress kama msimamizi na umepewa nakala nzima ya tovuti. Ukilipa kwa simu, kabla ya kuweka namba ya siri soma jina la mpokeaji linalotokea. Kama si la biashara aliyokutajia, simama hapo hapo.

Aliyekwisha kunaswa, usianze kwa matusi. Omba kwa maandishi, kwa lugha ya kawaida, msimbo wa kuhamishia jina ("auth code"), na uhifadhi meseji zote na miamala. Jina la .com haliwezi kuhamia kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za kwanza, kwa hiyo angalia tarehe ya kusajiliwa. Kwenye ramani bonyeza kuomba umiliki: aliyepo anapewa siku 3 kujibu, na akinyamaza unaweza kupewa njia ya kujithibitisha mwenyewe. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Ukiwa na ushahidi wa vitisho nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili hiyo.

Akigoma kabisa, sajili jina jingine kwa jina lako, fupi, na kwenye kibao anza kwa kupaka rangi ule mstari mmoja wa anwani tu. Namba ya simu iache palepale, maana hiyo bado ni yako.