Kibandiko, jeli au kidonge? Tathmini ya tiba ya homoni kwa anayeanza

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, anza na estrojeni, homoni ya kike, ya kupitia kwenye ngozi. Tunalisema hili mapema kwa sababu wanawake wengi waliofikia ukomo wa hedhi hupewa kidonge kwa mazoea tu. Estrojeni ikimezwa hupitia kwanza kwenye ini, na ini likiipokea huzalisha kwa wingi vitu vinavyogandisha damu. Hapo ndipo hatari ya damu kuganda kwenye mishipa inapopanda. Kibandiko na jeli huingiza homoni moja kwa moja kwenye damu, na kwa dozi za kawaida hazijaonekana kuongeza hatari hiyo. Kwa mwenye uzito mkubwa au anayeugua kipandauso, tofauti hii ina uzito wake.

Kibandiko ndicho tunachokipenda zaidi kwa anayeanza. Huja kwa nguvu ya maikrogramu 25, 50, 75 au 100 kwa saa 24, na kwa kawaida mtu huanzishiwa 25 au 50. Vingi hubadilishwa mara mbili kwa wiki, mathalani Jumatatu na Alhamisi. Vipo pia vya wiki nzima, kwa hiyo soma kikaratasi kilichomo kwenye boksi. Kibandike chini ya kiuno: tumbo la chini, kalio au paja la juu. Kwenye titi, kamwe.

Malalamiko makubwa ni kwamba kinabanduka, na mara nyingi chanzo ni mafuta. Ukijipaka losheni baada ya kuoga, kisha ukabandika hapohapo, gundi haipati pa kushika. Futa ngozi ikauke kabisa, bandika, kandamiza kwa kiganja sekunde 10, halafu pitisha kidole kwenye kingo zote. Epuka usawa wa mkanda wa sketi au suruali, kwa maana kila ukiinama nguo inasugua ukingo mpaka unajikunja na kuanza kunasa nyuzi. Kikidondoka, weka kipya, ila siku ya kubadilisha ibaki ileile. Usirudie sehemu moja kabla ya wiki kupita, ngozi isije ikawasha. Gundi inayobaki hutoka kwa mafuta ya mtoto, wala usiikwangue. Kibandiko kilichotumika bado kina homoni: kikunje gundi kwa gundi, ukitupe mbali na watoto.

Jeli ya pampu inamfaa anayetaka kupanda dozi taratibu. Kwenye chupa ya aina inayotumika sana, mbonyezo mmoja hutoa miligramu 0.75 za estradioli, aina ya estrojeni. Mibonyezo miwili kwa siku hukaribiana na kibandiko cha 50, na mmoja hukaribiana na cha 25. Pampu mpya huwa na hewa, kwa hiyo bonyeza hadi jeli itoke sawasawa na umwage kipimo cha kwanza. Tandaza tabaka jembamba upande wa nje wa mkono hadi begani, au kwenye paja la ndani. Usisugue kama losheni. Iache ikauke yenyewe kwa dakika 5 hivi. Nawa mikono. Usioshe sehemu hiyo kwa saa moja, na muda huo mtoto asiegemee hapo, maana homoni huhamia kwa anayeigusa. Kasoro ya jeli ni kwamba inataka nidhamu ya kila siku. Anayesahausahau atapata shida.

Sasa projesteroni, na hapa tunaomba usikivu wako wote. Kama bado una mji wa mimba, estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wake, na ukuta huo unaweza kugeuka saratani. Projesteroni ndiyo inayoulinda. Kwa ambaye hedhi imekoma mwaka mzima au zaidi, utaratibu wa kawaida ni kapsuli ya miligramu 100 kila usiku. Anayepata hedhi bado hupewa miligramu 200 kwa siku 12 hadi 14 za kila mzunguko. Imeze wakati wa kulala, tumbo likiwa tupu, kwa sababu chakula huongeza kiasi kinachoingia mwilini na usingizi unakuwa mzito kupita kiasi. Kapsuli nyingine zina mafuta ya karanga au soya; mwenye mzio aulize kabla. Kitanzi chenye homoni ya levonorgestreli cha miligramu 52 nacho hufanya kazi hii. Ukiongezewa estrojeni, uliza kama projesteroni nayo ipandishwe. Swali hilo husahaulika mno.

Hofu ya saratani ya matiti ilienea baada ya utafiti wa Women's Health Initiative wa Marekani, mwaka 2002. Waliopimwa walikuwa na wastani wa miaka 63, wakimeza estrojeni ya mkojo wa farasi pamoja na projestojeni (homoni inayofanana na projesteroni) ya kutengenezwa, na ongezeko lilikuwa kama wagonjwa 8 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Hatari ipo na isifichwe, lakini anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, huwa na faida kubwa kuliko madhara. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, au anayetoka damu bila sababu kujulikana, asianze kabla ya daktari kuchunguza.

Usiihukumu dawa kwa wiki mbili. Joto la ghafla na jasho la usiku hupungua ndani ya wiki kadhaa, ila tathmini ya haki ni miezi 3. Matiti kuuma na tumbo kujaa mwanzoni ni kawaida. Matone ya damu pia hutokea miezi ya awali. Yakiendelea baada ya miezi 6, au yakianza upya baada ya kukatika, omba ultrasaundi. Na dawa hizi, isipokuwa kitanzi, hazizuii mimba.

Kama tatizo lako ni ukavu wa uke pekee, huhitaji yote haya. Kidonge cha estrojeni cha ukeni cha maikrogramu 10 kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki, kinatosha, na hakihitaji projesteroni.