Uzoefu wangu: kumtafutia binti chuo cha kijeshi cha binafsi Marekani

Binti yangu aliposema anataka chuo cha kijeshi, mama yake aliuliza swali moja tu: "Kwani jeshini kwenyewe nafasi zimeisha?"

Tunaishi Massachusetts. Kwa Wabongo wengi wa huku, mimi nikiwemo, chuo cha kijeshi maana yake West Point, chuo cha serikali cha maofisa wa jeshi la nchi kavu. Nikajua tumeula, maana kule hulipi ada, unatumikia jeshi miaka 5 ukishahitimu. Kumbe binti anasema Chuo Kikuu cha Norwich, kule Northfield, Vermont. Hicho ni cha binafsi, na ada yake ni ada kweli kweli.

Kilianzishwa mwaka 1819 na Kapteni Alden Partridge, na ndiko wanakosema ROTC ilizaliwa, yaani yale mafunzo ya uofisa yanayotolewa vyuoni. Vyuo vikuu vya kijeshi vya aina hiyo, visivyo mali ya jeshi kama West Point, viko 6, na hiki tu ndicho cha binafsi. Wasichana waliingia kwenye kikosi chake cha makadeti mwaka 1974, miaka 2 kabla ya West Point. Hilo ndilo lililomlainisha mama.

Jambo lililonichukua muda kulielewa: kuvaa sare hakukufanyi mwanajeshi. Binti anaweza kupiga kwata miaka minne, akachukua digrii yake ya uuguzi, akaenda zake kuajiriwa hospitali bila kudaiwa na jeshi. Deni huanza ukisaini mkataba. Ukipata ufadhili wa miaka 4 wa ROTC ya jeshi la nchi kavu, mwaka wa kwanza bado unaweza kuchomoka. Ukiingia wa pili ukiwa umo, umejifunga. Na wenye kadi ya kijani msije mkadanganyana: kamisheni, yaani kupewa uofisa, ni ya raia.

Tulikwenda kukiona Novemba, makusudi, kwa sababu Agosti Vermont ni nzuri mno mtu kuamua kwa akili timamu. Theluji ilishaanza. Makuruta wa mwaka wa kwanza, ambao huko huitwa rook, walipita pembeni mwa uwanja wa gwaride, shingo wima, wakipinda kona kama wamechorwa na rula. Mmoja pua ilikuwa inamtoka na hathubutu kuifuta. Nikakumbuka JKT Ruvu mwaka 1991, mchakamchaka kabla jua halijachomoza. Tofauti ni kwamba mimi sikulipia.

Kwenye pesa kuweni macho. Chuo kingine, sikitaji, kilituletea barua ya "msaada" iliyotufanya tupige vigelegele. Niliposoma mara ya pili, zaidi ya nusu ilikuwa mkopo wa mzazi, yaani mkopo wangu mimi. Siku hizi naanza kuyatoa ya mkopo, ndipo napiga hesabu. Sare nayo ulizeni mapema, inalipiwa.

Kuna ndugu amenipigia akitaka kumpeleka huko mwanawe "anyooshwe." Nimemwambia asipoteze pesa. Asiyetaka mwenyewe kuamka alfajiri kupiga buti kiwi hamalizi muhula, na ada hairudi yote.

Wangu alitaka. Krismasi alirudi nyumbani, nikaingia chumbani kwake kimya kimya kukagua kitanda. Shuka imebana, pembe zimekunjwa sawasawa. Nilitafuta kosa nikalikosa, nikavuruga mto kidogo nikatoka.