Kozi ya ukalimani wa lugha ya ishara chuoni: walimu viziwi wako juu, atachimenti (mazoezi ya kazini) ndo shida

Wale mmekuwa mkiniuliza kuhusu hii kozi, haya basi. Nimemaliza diploma ya ukalimani wa KSL, yaani Lugha ya Ishara ya Kenya, kwa chuo kimoja hapa Nairobi, jina naliacha, na naipa nyota tatu na nusu kati ya tano.

Kilichonishika kabisa ni walimu viziwi. Yuniti za lugha wanafundisha wao wenyewe na ukishaingia klasi sauti unaacha nje, mwalimu akitaka mumwangalie anazima taa anawasha, hakuna kunong'onezana na jirani eti amesema nini. Mwanzo kichwa kinauma ajabu lakini hapo ndo unaelewa KSL ina sarufi yake, si Kiingereza cha mikono. "Nani" ama "wapi" mara nyingi inakuja mwisho na nyusi unakunja, swali la ndio ama la unaziinua, ukikaa na uso mkavu mtu hajui kama umeuliza ama umesema. Alafu siku moja mwalimu akasimulia kesi kwa ishara, hewani akamweka mlalamishi kulia, mshtakiwa kushoto, kutoka hapo hakutaja mtu tena, ni kidole na macho tu na kitenzi chenyewe kinatoka kwa huyu kinaenda kwa yule, kesi nzima tukaiona hapo mbele yake. Kwangu kile kipindi kilitosha karo ya semista.

Sasa shida. Mazoezi karibu yote ni Kiingereza kwenda ishara. Ishara kwenda sauti, ambayo ndo ngumu zaidi, tuligusa tu, na Kiswahili hakuna kitu, na huko mashinani kortini, kliniki, baraza la chifu, watu wanaongea Kiswahili! Katiba ya 2010 kifungu cha 120 imeweka KSL lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti mkalimani bila kulipa. Lakini huyo mkalimani akikosa maneno, kiziwi amejieleza vizuri kabisa na hakimu anasikia vipande vipande, mtu anaweza kufungwa hivyo jameni. Hiyo inaniuma sana.

Atachimenti tuliambiwa kila mtu ajitafutie, wengine wakaishia ofisi ambazo hakuna kiziwi hata mmoja. Mwanafunzi anafaa awekwe na mkalimani mzoefu, wapokezane kila dakika 20 hivi maana akili inachoka kabla ya mikono, na huyo mzoefu amsahihishe palepale.

Kama unataka kujiunga, kabla hujalipa hata shilingi uliza walimu wangapi ni viziwi, atachimenti nani anasimamia, na kama kuna mazoezi ya kutoa sauti kwa Kiswahili. Wakianza kuzungukazunguka, tafuta chuo kingine. Na usingoje kufunguliwa semista ndo uanze kukaa na viziwi, kuna makanisa yana ibada ya ishara kila Jumapili, enda tu usalimie watu, wanakaribisha sana.